Kijana wa fosta mwenye ulemavu akikaribia 18: jinsi ya kumwachia usukani bila kumwacha peke yake

Hii naiandika kwa wazazi wa fosta (wanaolea watoto ambao serikali imewaondoa kwao na kuwakabidhi familia nyingine) na ndugu waliokabidhiwa watoto wa ndugu zao huku Marekani, hasa sisi tunaoongea Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, maana maswali ninayoyasikia ni yaleyale: kijana wangu yuko elimu maalumu, ana miaka 16 au 17, keswoka (mfanyakazi wa ustawi anayesimamia kesi yake) anasema akifika 18 kesi inafungwa, sasa nifanye nini? Na wengi wetu jibu letu ni kukimbia huku na kule kumfanyia kila kitu, tunapiga simu sisi, tunajaza fomu sisi, tunaongea kwenye mikutano sisi, yeye amekaa pembeni na earphone masikioni. Tunafanya kwa roho safi kabisa. Ila waliochunguza jambo hili kwa kina wamekuta kinachowasaidia vijana hawa ni karibu kinyume cha hapo: kijana achague mwenyewe anataka nini, afanye mwenyewe, mtu mzima akae nyuma yake akimshika mkono pale tu anapoteleza.

Utafiti ninaousema ulifanyika Portland, Oregon. Laurie Powers na Sarah Geenen wa Portland State University walichukua vijana 69 waliokuwa fosta na wakati huohuo kwenye elimu maalumu, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata huduma za kawaida za fosta za kujiandaa kujitegemea, kundi lingine likapata kocha wa kukutana naye mmoja kwa mmoja pamoja na vikao vya kikundi na vijana wakubwa kidogo waliowahi kupita fosta wenyewe. Mradi waliuita My Life na matokeo yakatoka 2012. Waliopata kocha walijiamulia mambo yao zaidi, walitumia huduma zilizopo zaidi, walimaliza sekondari na kupata kazi kwa wingi kuliko wenzao, na hata mwaka mmoja baada ya makocha kuondoka tofauti ilikuwa bado inaonekana. Hilo la mwisho ndo lililonivutia mimi, manake programu nyingi za vijana zikiisha zimeisha, kijana anabaki na cheti cha kuhudhuria na tisheti.

Sasa wewe sio mtafiti na huna kocha wa kulipwa, ila mambo makubwa ya njia hii unaweza kuyafanya mezani kwako jikoni.

Anza na anachotaka yeye, hata kama hukipendi

Tenga muda mmoja kwa wiki, uleule, mahali palepale. Sio kikao cha nidhamu, wala sio cha kujadili vyombo havijaoshwa. Swali ni moja: unataka nini kwenye maisha yako mwaka huu? Halafu nyamaza.

Tuseme ni binti wa miaka 17, ana usonji, amehamishwa nyumba kadhaa kabla hajafika kwako, na siku hiyo anakwambia, "Anti, mi nataka kazi ya mbwa." Najua kitakachokujia mdomoni. Kwanza mbwa, na nusu yetu tumelelewa mbwa asiguse hata kizingiti, pili unajua kabisa dada yako anafanya kazi nyumba ya wazee na wanatafuta watu na wanalipa vizuri. Meza hayo maneno. Huyu mtoto maamuzi yote ya maisha yake yamefanywa na jaji, keswoka, wakili na daktari, kaulizwa anataka nini mara ngapi? Akikutana na mtu wa kwanza anayesema "sawa" anakuwa mtu mwingine.

"Sawa. Kazi ya mbwa inafanyika wapi karibu na hapa?"

"Sijui."

"Tutajuaje?"

Hapo atakaa kimya, na kimya cha kijana mwenye usonji kinaweza kuwa kirefu mpaka ukajisikia vibaya, usikijaze. Subiri. Ubongo wake unafanya kazi, na ukiingilia kati unamfundisha kwamba akikaa kimya vya kutosha mtu mzima atakuja na jibu.

"Naweza kuangalia kwenye ramani ya simu."

Basi hiyo ndo hatua ya kwanza, anaiandika yeye kwa mkono wake au anaichora au anairekodi kwa sauti kama kuandika ni shida. Anapata sehemu tatu, mbili ni za kutunza mbwa wasio na wenyewe, moja ni saluni ya mbwa (ndio, huku wana saluni). Wiki inayofuata unauliza umefikia wapi, anasema hajapiga simu. Usimpigie. Muulize nini kimekwamisha, atakwambia hajui aseme nini wakipokea. Sasa hapo ndo ufundi ulipo, mnaandika pamoja maneno manne matano, jina langu fulani, nina miaka 17, nataka kujitolea Jumamosi, niongee na nani? Wewe unajifanya mpokeaji simu, unapokea vizuri mara ya kwanza, mara ya pili unapokea kwa haraka na ukali kidogo kama watu wa mapokezi wanavyokuwaga, mara ya tatu unamwambia subiri kisha unakaa kimya. Anazoea. Kama kuongea kwa simu hakuwezekani kabisa, imeli inafaa, au kwenda mwenyewe na karatasi mkononi, lengo ni afike, njia iwe inayoendana na mwili wake na akili yake.

Halafu wanaweza wasimjibu. Sehemu mbili kimya, ya tatu wanasema mpaka ufike 18. Watu wengi hapa ndo wanaingia kuokoa, wanapiga simu wenyewe na lafudhi zao na hasira zao. Uliza badala yake: kuna njia gani nyingine? Nani tunamjua ana mbwa? Kwenye njia hii ya Portland kukwama kunahesabiwa kama sehemu ya mazoezi, kijana anajifunza kutofautisha kitu alichofanya kikazaa na kitu alichofanya hakikuzaa, halafu anajaribu kingine. Andikeni kwenye daftari, upande mmoja alichofanya, upande mwingine kilichotokea. Baada ya miezi anafungua anaona kurasa zake mwenyewe, na kijana ambaye faili lake lote limejaa makosa na magonjwa yake hajazoea kuona kitu cha namna hiyo.

Mpaka wa kumwachia ni usalama, hapo wewe ni mzazi bado. Akisema anataka kuhamia kwa mtu aliyekutana naye mtandaoni wiki iliyopita, hapo huulizi "tutajuaje", hapo unasema hapana na unaeleza kwa nini.

Mtafutie aliyepita njia hiyohiyo

Wewe unampenda lakini hujawahi kubeba nguo zako kwenye mfuko wa taka mweusi kuhamia kwa watu usiowajua. Ndo maana watafiti waliwatumia vijana waliotoka fosta na sasa wako chuo au kazini. Walifanya hivyohivyo kwenye mradi wao mwingine, Better Futures, wa vijana 67 wa fosta wenye changamoto za afya ya akili, waliwapeleka chuo kikuu siku chache wakati wa kiangazi walale pale bwenini, wale kule, wamuone mtu kama wao anayesoma pale, halafu wakaendelea na kocha na vikao, na wengi zaidi wakaingia chuo kuliko wale ambao hawakupata hiyo nafasi.

Uliza kaunti yako kama kuna baraza la vijana wa fosta, majimbo mengi yanayo. Uliza chuo cha jamii kilicho karibu kama wana ofisi ya wanafunzi waliotoka fosta. Kijana akikaa na mtu wa miaka 23 mwenye kiti cha magurudumu anayesema "mi nilifeli hesabu mara mbili na nilikuwa grupu homu tatu", nusu saa hiyo inafanya kazi kuliko hotuba zako za mwaka mzima.

Mkutano wa shule

Hapa nitakaa kidogo. Kijana wa elimu maalumu ana mpango wake binafsi wa masomo unaoitwa IEP, na sheria ya IDEA, ile ya shirikisho ya elimu maalumu, inasema kufikia mpango utakaokuwa unatumika anapotimiza miaka 16 lazima uwe na sehemu ya maisha baada ya shule, kazi, masomo, kuishi mwenyewe, na majimbo kadhaa yanaanza 14. Na mkutano unaojadili hayo lazima kijana mwenyewe aalikwe. Sasa Geenen na Powers waliwahi kukaa wakasoma mipango ya vijana 45 waliokuwa elimu maalumu na fosta kwa pamoja, wakailinganisha na ya wenzao wa elimu maalumu wasio fosta, wakakuta ya watoto wa fosta ilikuwa dhaifu yenyewe kwa yenyewe na dhaifu zaidi ukiilinganisha. Haishangazi ukijua kinachotokea: shule inadhani keswoka anashughulikia, keswoka anadhani shule inashughulikia, na mzazi wa fosta hajui kama ana ruhusa ya kuongea.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kabla ya mkutano, kwa maandishi: nani kisheria anasimama kama mzazi kwenye elimu ya huyu mtoto? Chini ya IDEA mzazi wa fosta anaweza kuwa ndo mzazi huyo kama jimbo halikatazi, wakati mwingine haki bado iko kwa mzazi wa kuzaa, na kama hakuna mtu basi lazima ateuliwe mzazi mbadala wa elimu, na shule inatakiwa ijitahidi kumteua ndani ya siku 30. Na huyo mbadala hawezi kuwa mfanyakazi wa shirika linalomlea mtoto. Yaani keswoka hawezi kusaini IEP kama mzazi, na nimeona wakisaini. Ukiona hivyo uliza tu kwa upole, wataenda kuangalia sheria.

Mkalimani ni haki yako kama wewe ndo mzazi kwenye mkutano huo, wa Kiswahili, sio wa "Kiafrika", na shule ndo inalipa. Usikubali kijana ndo akutafsirie mkutano wake mwenyewe, hapo hawezi kuwa mwenye mkutano na mkalimani kwa pamoja.

Kumwandaa ni hivi. Wiki mbili kabla omba rasimu ya mpango uje nyumbani. Someni wote, akwambie lipi kweli lipi sio, utashangaa mara ngapi kwenye "lengo la kazi" wameandika kitu hajawahi kukisema. Mwache achague dakika zake tano za kufungua mkutano: jina langu, ninachoweza vizuri, kinachonishinda, kinachonisaidia nikishindwa, ninachotaka mwakani. Kama haongei kwa mdomo atumie kifaa chake, au slaidi za picha, au video aliyoirekodi nyumbani. Mpe kadi yenye neno moja la kuomba mapumziko. Wewe kaa pembeni yake, sio mbele yake, na mwalimu akikuuliza wewe "je atapenda kufanya nini?" mgeukie kijana uangalie uso wake mpaka mwalimu aelewe.

Na kwenye mkutano huohuo aombe huduma za maandalizi ya kazi kwa wanafunzi wenye ulemavu, zinatoka idara ya jimbo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira, sheria ya 2014 inawalazimisha kutenga asilimia 15 ya pesa zao za shirikisho kwa wanafunzi, na hazihitaji kijana awe ameshakubaliwa kama mteja wao kamili. Yule binti wa mbwa anaweza kupata majaribio ya kazi kwa njia hii.

Jambo jingine la shule, msikimbilie diploma. Akishapokea diploma ya kawaida haki ya elimu maalumu inakwisha hapohapo, wakati bila hiyo majimbo mengi yanaendelea kumhudumia mpaka 21 au zaidi kidogo. Najua kwetu kuhitimu ni sherehe, mbuzi keshanunuliwa, lakini kwa kijana aliyepoteza miaka ya shule kwa kuhamishwahamishwa, mwaka mmoja wa ziada wa mazoezi ya kazi na kupanda basi mwenyewe una thamani kubwa. Akitaka kuvaa joho na wenzake ulizeni, shule nyingi zinamruhusu apite jukwaani huku diploma yenyewe ikisubiri.

Upande wa kesi: watu wawili wake

Wengi hawalijui hili. Tangu sheria nyingine ya 2014, ya watoto wa fosta, kijana wa fosta akifika miaka 14 lazima ashirikishwe kutengeneza mpango wa kesi yake, na ana haki ya kuchagua watu hadi wawili waingie kwenye timu ya kupanga, wasiwe mzazi wa fosta wala keswoka. Anaweza kuchagua kocha wa mpira, mama wa kanisani, imamu, mwalimu aliyemfundisha darasa la sita, kaka aliyetoka fosta. Shirika linaweza kumkataa mtu huyo pale tu lina sababu ya msingi ya kuamini hatatenda kwa maslahi ya kijana. Mwambie haki hii ipo, akusanye majina, apeleke mwenyewe kwa imeli ili ibaki kumbukumbu.

Usiseme "nitawachagua mimi wazuri". Wawe wake.

SSI kijana anapofika 18

Kama kijana anapata SSI, ile pesa ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, au angepaswa kuwa anaipata, soma hapa polepole. Akifika 18 ofisi ya Social Security inafungua upya kesi yake na kumpima kwa kipimo cha watu wazima, yaani anaweza au hawezi kufanya kazi, sio tena kipimo cha watoto. Wengi hupoteza pesa hapa na sio kwa sababu wamepona, ni kwa sababu barua ilienda nyumba ya zamani, au fomu ilijazwa na mtu asiyemjua, au hakuna aliyeambatanisha ripoti za shule. Kwa hiyo miezi kabla ya kutimiza 18 hakikisha anwani ni sahihi, kusanya IEP, vipimo vya mwanasaikolojia, barua ya mwalimu inayosema kwa mfano anahitaji kukumbushwa kila hatua, hawezi kukaa kwenye kelele zaidi ya muda fulani. Maneno ya kawaida ya siku yake yana uzito kuliko jina la ugonjwa.

Barua ya kukataliwa ikija ana siku 60 za kukata rufaa. Lakini kama anataka pesa ziendelee kuingia wakati rufaa inasikilizwa lazima aombe hivyo ndani ya siku 10 tangu apokee barua, na wao wanahesabu kwamba ameipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kwa hiyo bahasha ya Social Security haiwekwi juu ya friji mpaka wikendi. Inafunguliwa siku hiyohiyo. Akishindwa mwishoni wanaweza kudai zile pesa zirudishwe, ingawa anaweza kuomba asamehewe, basi mueleze achague akijua.

Kuna mlango mwingine ambao hata maofisa wengine hawautaji: kijana wa miaka 18 mpaka 21 ambaye bado yuko kwenye IEP anaweza kuendelea kulipwa hata kama wamesema hana tena ulemavu kwa kipimo cha watu wazima, mradi aliendelea na programu hiyo. Umeona sasa kwa nini nilisema msikimbilie diploma.

Kama hajawahi kuomba SSI, kijana anayetoka fosta kwa sababu ya umri anaweza kupeleka maombi hadi siku 180 kabla ya kutoka, asisubiri alale kwenye kochi la rafiki ndo aanze. Na kama alikuwa anapata tangu utotoni, uliza nani alikuwa anapokea kwa niaba yake, mara nyingi ni shirika lenyewe la ustawi, na zimetumikaje. Akifika 18 aombe kuzipokea mwenyewe kama anaweza, au amchague mtu anayemwamini.

Kuhusu akiba, kiwango cha SSI ni dola 2,000, ukizidi unakatwa, na hii inawatisha vijana wasifanye kazi. Wakati dawa ipo, akaunti ya ABLE, ya akiba kwa watu wenye ulemavu, iliyoanzishwa kwa sheria nyingine tena ya 2014, hadi dola 100,000 ndani yake hazihesabiwi kwenye SSI. Na mwanafunzi wa chini ya miaka 22 ana msamaha maalumu wa mshahara, sehemu kubwa ya anachopata hawaihesabu. Apeleke stabu za mshahara kila mwezi, aweke kopi.

Bima, chuo, na kubaki mpaka 21

Bima ni rahisi: aliyekuwa fosta akiwa na 18 na alikuwa na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, anaendelea nayo mpaka 26 bila kuangaliwa kipato, na kwa waliotimiza 18 kuanzia Januari 2023 haki hiyo inawafuata hata wakihamia jimbo jingine. Huduma za nyumbani za watu wenye ulemavu ni foleni tofauti kabisa, ya miaka kwenye majimbo mengi, andikisheni jina leo hata kama hamjui mtazihitaji. Vocha ya chuo kutoka mpango wa Chafee, ule wa shirikisho wa vijana wanaotoka fosta, ni hadi dola 5,000 kwa mwaka, miaka isiyozidi mitano, mpaka 26, na inalipia hata vyuo vya ufundi.

Kubaki fosta mpaka 21 ndo suala linalohitaji mjadala mezani. Mark Courtney na wenzake waliwafuata vijana zaidi ya 700 wa Illinois, Iowa na Wisconsin tangu wakiwa na 17, Illinois ilikuwa inaruhusu kubaki mpaka 21 na zile mbili zilikuwa zinawatoa 18, na wa Illinois walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia chuo. Vijana wengi wanataka kutoka siku ya bethidei, wamechoka na keswoka, na siwalaumu. Usimkatalie, mpe hesabu: kodi ya chumba, chakula, nauli, dawa, aandike mwenyewe, aone. Kwenye majimbo yenye mpango huu kwa kawaida masharti ni kuwa shuleni, au kwenye programu ya kutafuta kazi, au kufanya kazi saa 80 kwa mwezi, na kuna sharti jingine ambalo wengi huambiwa halipo: asiyeweza lolote kati ya hayo kwa sababu ya hali yake ya kiafya anaruhusiwa kubaki pia. Kwa hiyo ukisikia "hafanyi kazi hasomi basi hafai kubaki" kwa kijana mwenye ulemavu mkubwa, rudi na swali hilo kwa wakili wake. Na vijana wakimbizi waliokuja bila wazazi kupitia programu yao maalumu wanapewa huduma zinazolingana na za fosta za jimbo walilopo, wasiambiwe haziwahusu.

Kabla hujakubali usimamizi wa kisheria

Karibu na 18 mtu atakuja na fomu za kuiomba mahakama ikupe usimamizi wa kijana, atakwambia ni kwa ajili ya kumlinda. Fikiria sana. Kwa aina kamili unamwondolea haki ya kusaini mkataba, kuamua matibabu, sehemu nyingine hata kupiga kura, na kuirudisha ni kazi ngumu. Njia nyingine ni maamuzi ya kusaidiwa, anachagua watu wa kumweleza na kumshauri, uamuzi unabaki wake, Texas ilikuwa ya kwanza kuiweka kwenye sheria mwaka 2015 na majimbo mengi yamefuata. Kwa kijana anayeelewa akielezwa polepole, hati ya kumruhusu mtu aongee na daktari na nyingine ya kumsaidia benki mara nyingi zinatosha kabisa. Kuna wachache ambao kweli watahitaji zaidi, wale wasioweza kuonyesha kwa namna yoyote wanachotaka, sikatai. Ila iwe mwisho wa orodha.

Faili

Nunua faili moja gumu lenye zipu, liwe lake, rangi aliyochagua. Aliyekaa fosta angalau miezi sita akitoka kwa sababu ya umri shirika linatakiwa kumpa cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security, taarifa za bima, rekodi za matibabu, na leseni au kitambulisho cha jimbo. Kama ni mhamiaji dai pia karatasi zake za uhamiaji, na kama hadhi yake haijakaa sawa wakili aanze kabla ya 18 maana njia nyingine zinafungwa na umri. Siku 90 kabla ya kutoka lazima wakae naye kuandika mpango wa kutoka unaoelezea nyumba, bima, kazi, na mtu wa kumtegemea, na mpango huo uongozwe na yeye, kwa hiyo lile daftari lenu la jikoni ndo analoingia nalo.

Ndani ya faili hilo weka pia ripoti ya mikopo (credit report), inayoonyesha madeni yaliyofunguliwa kwa jina lake. Tangu miaka 14 shirika linatakiwa kumpatia kila mwaka bila malipo, kwa sababu namba za Social Security za watoto wa fosta zimepita mikono mingi na watu wanazitumia vibaya. Akikuta kadi ya benki au bili ya umeme imefunguliwa kwa jina lake akiwa na miaka 11, asianze kulipa hata senti na wewe usilipe kwa aibu, apeleke karatasi kwa keswoka, ni wajibu wa shirika kumsaidia kuisafisha kabla hajatoka.